Malakia ya Juba: Mahali Pake na Watu Wake

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wakazi na wageni, kambini Kakuma, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Kamati imeziomba jamii za kambi hii zieleze, kila moja kwa zamu yake, inatoka wapi. Wenzetu waliotangulia wamesema juu ya milima yao, ng'ombe wao, mito yao na machifu wao, nasi tumefurahi kuwasikiliza. Leo zamu ni yetu, na sisi hatuna mlima wala zizi la ng'ombe la kuwaonyesha. Sisi tunatoka mtaa. Jina lake ni Malakia, nao uko ndani ya mji wa Juba, Sudan Kusini.

Kwa sababu hiyo wapo wanaotuuliza: "Sawa, Juba mnakaa; lakini kwenu hasa ni wapi?" Swali hilo huulizwa kwa upole sokoni, huulizwa kwa haraka katika foleni, na huulizwa kwa ukali katika ofisi za vyeti. Nia yetu leo ni kulijibu mara moja, kwa utaratibu. Mtaa nao ni kwao. Una mipaka, una asili, una makaburi, una watu wanaohesabika. Na kuyajua hayo si mazungumzo ya wazee tu chini ya mti. Kama mtakavyosikia mwishoni, huenda siku moja mtoto wako akapata au akakosa cheti cha uraia kwa sababu ya mambo haya haya.

MAHALI PENYEWE

Juba iko ukingo wa magharibi wa mto Nile, katika sehemu ya mto inayoitwa Bahr el Jebel, yaani mto wa mlima. Haiko mbali na ikweta: ni karibu nyuzi 5 tu upande wa kaskazini. Mwinuko wake ni meta zipatazo 550 juu ya usawa wa bahari. Magharibi ya mji unasimama mlima wa mawe uitwao Körök, ambao wengi huuita Jebel Kujur. Ardhi inateremka polepole toka upande wa mlima hadi mtoni, na maji ya mvua hufuata mteremko huo katika mikondo tunayoiita khor. Wenyeji wetu hapa mkondo wa namna hiyo huuita laga. Mtoto aliyezaliwa kambini akikuuliza khor ni nini, mwonyeshe Tarach: mchanga mtupu kwa miezi mingi, kisha siku moja maji yanakuja kwa kishindo na kuchukua kuku, ua na godoro.

Lakini mvua za Juba si kama za hapa. Huko huanza mwezi wa Aprili na kuendelea hadi Oktoba, nazo hufikia karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Ndiyo maana miembe inamea mjini, na vivuli vya miembe na miarobaini ndivyo vyumba vyetu vya mikutano. Watoto wetu waliokulia katika upepo wa vumbi wa Turkana hawaamini tunapowaambia kwamba kwetu embe huanguka lenyewe barabarani.

Kwa nini mji ukakaa hapo na si mahali pengine? Sababu ni meli. Mto unapitika kwa meli toka Kosti, kaskazini mwa mbali, hadi Juba. Ukipita Juba kwenda kusini unakuta mawe na maji ya kasi, hadi maporomoko ya Fola karibu na Nimule. Basi mzigo wote ulishushwa Juba na kuendelea kwa barabara: kwenda Nimule na Uganda, safari ya kilomita zipatazo 190, kwenda Yei na Kongo, kwenda Torit, na kutoka huko kuelekea mpaka wa Kenya. Mji ulio mwisho wa meli na mwanzo wa barabara hukusanya watu wa kila aina: wachukuzi, madereva, mafundi, karani, askari, wauza chai. Watu hao wanahitaji mahali pa kulala. Mahali hapo pakawa Malakia.

Majirani wa Malakia ni hawa. Upande wa mtoni liko soko la Konyo Konyo, ambako samaki wa Nile, mihogo, karanga na bamia kavu huuzwa tangu alfajiri. Pako Hai Jalaba, mtaa ulioitwa kwa jina la wafanyabiashara wa kaskazini. Pako Juba Na Bari, jina linalokumbusha kwamba ardhi yote hii ilikuwa ya Wabari kabla ya serikali yoyote. Neno "hai" ni mtaa kwa Kiarabu. Utalisikia Juba nzima: Hai Malakal, Hai Cinema, Hai Thoura. Malakia peke yake haihitaji "hai". Ukisema Malakia, kila mtu mjini anajua ni wapi. Hata timu ya mpira, Al-Malakia, imelibeba jina hilo.

JINA LA MALAKIA

Malakia si jina la kabila, wala la ukoo, wala la chifu. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mambo ya raia, kinyume cha mambo ya jeshi. Zamani, popote serikali ilipoweka ngome katika Sudan ya kusini, askari walikaa ndani ya ngome, na nje yake palijengwa makazi ya watu wasio askari: wazee waliomaliza utumishi, wake na watoto, wajane, watumishi, washonaji, wachuuzi. Makazi hayo ndiyo malakia. Kwa hiyo Juba si mji pekee wenye mtaa wa jina hili. Malakal uko, na Torit uko.

Tunaomba mlishike neno hili, kwa sababu ndani yake mna historia yetu yote. Watu wa kijiji huunganishwa na babu mmoja. Watu wa Malakia waliunganishwa na mahali walipofikia baada ya kutolewa makwao. Kwa namna hiyo, Ndugu Mwenyekiti, Malakia na Kakuma ni ndugu.

WATU WALIVYOFIKA

Mwaka 1871 Samuel Baker, akitumikia serikali ya Misri, alisimamisha bendera Gondokoro, ng'ambo ya mto karibu na mahali Juba ilipo sasa. Mwaka 1874 Gordon akahamishia makao Lado, kaskazini kidogo, ukingo wa magharibi. Kutoka 1878 mtawala alikuwa Emin Pasha. Askari wa serikali hiyo hawakuwa wa kabila moja. Walikuwa Wamakaraka, Wabari, Wamoru, Wadinka, Walugbara na wengine wengi, na si wachache kati yao waliingizwa jeshini kwa nguvu au kupitia utumwa. Wake zao walitoka katika makabila ambayo jeshi lilipita. Watoto wao walikua wakisema Kiarabu cha kambi ya askari, wengi wakiwa Waislamu, na baba akiulizwa kijiji chake hakuweza kurudi kukionyesha.

Majeshi ya Mahdi yalipopanda mto mwaka 1888, serikali ile ilivunjika. Sehemu ya askari, wakiwa na Selim Bey, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert na kupelekwa Uganda. Hao ndio asili ya Wanubi wa Bombo, na wa Kibera hapa Kenya. Wengine walibaki kwetu, wakapita mikononi mwa mtawala huyu na yule: Mahdi, kisha Wabelgiji waliokalia Lado na Rejaf hadi 1910, kisha Waingereza. Mwaka 1917 Waingereza waliwaondoa askari wa kaskazini kule Mongalla na kuweka jeshi la watu wa kusini, lililoitwa Equatorial Corps. Nalo likazaa wastaafu wake, na wastaafu wakahitaji malakia yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali iliamua kuhamisha makao ya jimbo kutoka Mongalla na kuyaweka Juba. Wakati huo Juba ilikuwa kijiji cha Wabari, pamoja na shule ya misheni iliyofunguliwa miaka michache kabla. Wabari walihamishwa kupisha mji. Wafanyabiashara Wagiriki walijenga maduka ya mawe. Maofisa walipata viwanja vipana. Na watu wa malakia za zamani, za Rejaf na Mongalla, walikuja na mizigo yao kichwani, wakaonyeshwa mahali pao.

Tunataja kuhamishwa kwa Wabari makusudi. Hakuna mji usiokaa juu ya ardhi ya mtu. Wazee wa Malakia waliotulea walitufundisha kumsalimu Mbari kwa heshima ya mwenye nyumba, na hapa Kakuma tunawafundisha watoto kumsalimu Mturkana vivyo hivyo.

Mpango wa miji wa serikali hiyo uligawa makazi kwa madaraja. Daraja la juu lilikuwa na nyumba za matofali, na hati za miaka mingi. Madaraja ya chini yalikuwa na viwanja vidogo, nyumba za udongo na nyasi, na vibali vya muda mfupi. Malakia ilikuwa ya chini. Mtu alijenga, akapanda mwembe, akazaa, akazikwa, na kibali chake bado kilikuwa cha muda. Wakazi wa kambi hii watalielewa neno hilo "cha muda" bila ya maelezo.

LUGHA YA MTAA

Mwaka 1922 serikali ya Sudan ilitoa sheria ya kufunga wilaya za kusini, na mwaka 1930 ikatangaza siasa yake ya Kusini: Kiarabu kipunguzwe, wafanyabiashara wa kaskazini waondolewe, kila kabila likae na mila yake chini ya chifu wake. Kabla ya hapo, Aprili 1928, mkutano wa lugha ulifanyika Rejaf. Lugha 6 zilichaguliwa kufundishia: Kidinka, Kibari, Kinuer, Kilotuko, Kishilluk na Kizande.

Fikirini hali ya Malakia katika mpango huo. Ilikuwa mtaa wa makabila mengi, usio na chifu wa ukoo, wenye Waislamu wengi, unaosema Kiarabu chake wenyewe. Katika vitabu vya serikali hapakuwa na kisanduku cha mtu wa namna hiyo. Lakini mambo yakawa kinyume na mpango. Lugha ya mtaa huo, Arabi Juba, haikuingia katika orodha ya Rejaf, na leo ndiyo inayosikika Konyo Konyo, ndani ya magari ya abiria, kanisani na katika viwanja vya mpira. Mdinka na Mzande wakikutana Juba huongea Arabi Juba. Ndugu yake wa karibu ni Kinubi, kinachosemwa Bombo na Kibera. Mwana wa Malakia akifika Kibera hupata pa kukaa siku ya kwanza, kwa lugha tu.

Nanyi mnaosema Kiswahili mtakuta humo maneno mengi ya kwenu: suk ni soko, kitab ni kitabu, sabun ni sabuni. Ndiyo maana wengi wetu tulijifunza Kiswahili hapa bila ya taabu kubwa.

HESABU YA WATU

Hapa kambini sote tunajua maana ya kuhesabiwa. Jina lisipokuwamo, chakula hakipo. Nchi nazo ni hivyo hivyo, ila hasara yake huchelewa kuonekana.

Sensa ya kwanza ya Sudan ilifanyika 1955/56. Juba ilikuwa na watu 10,660. Mji mdogo kabisa, mdogo kuliko baadhi ya sehemu za kambi hii. Wazee wetu waliishi humo wakijuana kwa majina. Mwaka 1973 hesabu ilikuwa 56,737. Mwaka 1983 ilikuwa 83,787. Mwaka 1993 ilikuwa 114,980. Sensa ya 2008 ilihesabu kwa payam: Juba 82,346, Kator 64,130, Munuki 83,719, jumla ya payam hizo tatu ni 230,195. Serikali ya Kusini iliyakataa matokeo ya sensa hiyo, ikisema watu wake wamehesabiwa pungufu. Tangu hapo hadi leo haijafanyika sensa nyingine kamili.

Tuziangalie namba hizo vizuri. Mtu asiyejua atasema mji umestawi: watu 10,660 wamekuwa zaidi ya 230,000 katika muda wa miaka 52. Lakini ziwekeni tarehe za vita kando ya tarehe za sensa. Maasi ya Torit yalikuwa Agosti 1955. Vita vya kwanza viliisha kwa mapatano ya Addis Ababa, Februari 1972, na mwaka uliofuata mji ulikuwa umezidi mara 5: wengine walirudi toka ukimbizini, wengine walikuwa wamekimbilia mjini toka vijijini. Vita vya pili vilianza 1983, na miaka 10 baadaye mji ulikuwa umeongezeka tena kwa watu zaidi ya 31,000, ingawa barabara zilikuwa zimekatwa na chakula kiliingia kwa ndege. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi 9 Januari 2005, na mji ukafunguka.

Kwa hiyo Juba hukua wakati wa vita na hukua wakati wa amani, kwa sababu tofauti. Namba inasema waliomo. Haisemi waliotoka. Nyumba moja ya Malakia ingeweza kuhesabiwa watu 9 katika sensa mbili mfululizo, na wasiwe watu wale wale: waliokuwamo wako Khartoum, Arua au Nairobi, na waliomo sasa wametoka vijijini wakikimbia risasi.

NYUMBA NA VITA

Hatutaki kuijaza siku hii kwa majonzi, lakini watoto wajue tarehe.

Julai 1965, usiku wa tarehe 8, askari wa serikali waliushambulia mji. Watu wengi mno waliuawa na nyumba za nyasi zikachomwa. Katika familia nyingi za Juba umri wa wazee hutajwa hivi: alizaliwa kabla ya moto, alizaliwa baada ya moto.

Juni na Julai 1992 wapiganaji wa SPLA waliingia mjini na kurudishwa nyuma. Baada yake watu walikamatwa, wengine hawakuonekana tena, na mitaa ya pembezoni ilibomolewa. Mwaka huo huo wa 1992 kambi hii ya Kakuma ilifunguliwa, na waliofika kwanza walikuwa vijana wa Sudan ya kusini waliotembea toka Ethiopia.

Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ilipata uhuru, na wengi wetu tulikuwa tumerudi Juba tukiamini kwamba mahema yamekwisha. Tarehe 15 Desemba 2013 vita vilianza tena, mjini mwetu. Vikarudi Juba Julai 2016. Ndipo tulipochukua tena njia ya Torit, na wengine ya Nimule.

Yote hayo yanaonyesha jambo moja kuhusu jiografia yetu. Mji ulio mwisho wa meli na mwanzo wa barabara ni rahisi kuufikia. Kila mwenye bunduki huutaka kwanza. Barabara hizo hizo zilizowaleta babu zetu ndizo zilizotutoa sisi.

KWA NINI HAYA YANAHUSU VYETI

Sasa tufike penye haja. Sheria ya Uraia ya Sudan Kusini ilitungwa mwaka 2011. Kwa maneno mepesi, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi wake, au babu na bibi zake, au wazazi wa babu na bibi zake, alizaliwa Sudan Kusini, na upande wa mama unahesabiwa sawa na upande wa baba. Au ikiwa yeye ni wa mojawapo ya jamii za asili za nchi. Sheria hiyo hutaja pia watu ambao wao au wazazi wao au babu zao wamekuwa na makazi Sudan Kusini tangu tarehe 1 Januari 1956.

Sheria hiyo, ndugu zetu, ni pana kutosha kumpokea mtu wa Malakia kwa mlango zaidi ya mmoja. Shida huja mezani. Mtu anaulizwa kabila, anasema mama ni Mkuku, bibi ni Mmoru, babu alikuwa mtoto wa askari Mmakaraka. Anaulizwa chifu wake, hana wa ukoo. Anaambiwa alete shahidi wa kijijini, naye hana kijiji. Mmoja wetu alirudishwa mara tatu katika ofisi moja ya vyeti kwa sababu hiyo, na mara ya nne alipewa cheti kwa kuwa mzee mmoja aliyekuwa foleni alimtambua babu yake kwa jina na kwa kazi: fundi cherehani wa Malakia, aliyekuwapo kabla ya uhuru wa 1956. Maneno ya mzee huyo yalimwokoa. Lakini wazee wa namna hiyo wanakwisha.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Wanubi wa Kibera walitengewa na serikali ya kikoloni zaidi ya ekari 4,000, lakini bila ya hati. Watoto wao, wazaliwa wa Nairobi kwa vizazi kadhaa, waliendelea kupata taabu ya vitambulisho. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi wa Kenya walikuwa wamenyimwa haki yao ya utaifa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ardhi ya ekari 288. Ni sehemu ndogo ya ile ya mwanzo, lakini ilipatikana kwa sababu wazee wao walikuwa wametunza majina, barua na kumbukumbu, na wana wao wakaenda nazo mbele ya sheria.

TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, tuna maombi matatu.

Kwa familia za Malakia zilizo hapa, Kakuma na Kalobeyei: andikeni. Kamati imekubali kutunza daftari. Kila nyumba ilete majina ya vizazi vinne, upande wa baba na upande wa mama. Karibu na kila jina andika alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alizikwa wapi, na majirani wake walikuwa nani. Kina mama msikae nyuma. Sheria inauhesabu upande wenu, na nyinyi ndio mnaojua nani alimnyonyesha nani. Bibi aliyeuza kisra Konyo Konyo mwaka 1956 ni ushahidi sawa na babu aliyevaa sare.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: tunajua fomu si zenu wote, na foleni ni ndefu. Lakini mtu akisema kwao ni Malakia, Juba, tunaomba muandike Malakia, Juba. Msimlazimishe kuchagua kijiji asichokijua ili kisanduku kijae. Maandishi yenu yatasomwa miaka 30 ijayo na mtu mwingine, katika ofisi nyingine, naye atayaamini kuliko maneno ya mwenyewe. Na mtoto akizaliwa hospitali ya kambi, msaidieni mzazi apate kumbukumbu ya kuzaliwa mapema, kabla hajahama bloku.

Kwa vijana: msione haya. Mkiulizwa kabila moja nanyi mnayo matatu, semeni yote matatu. Mkicheka Arabi Juba ya bibi, kumbukeni kwamba ni lugha iliyosahauliwa na mkutano mzima wa wakubwa na ikaushinda mji. Jifunzeni ramani: mto uko mashariki, Körök uko magharibi, Konyo Konyo liko upande wa mtoni, barabara ya Torit iko ng'ambo ya daraja. Mkirudi, hata kama nyumba haipo, mtajua pa kusimama.

Ndugu Mwenyekiti, kambi hii ilifunguliwa kwa muda mwaka 1992. Leo ina shule, masoko, makaburi, na watu zaidi ya 200,000 pamoja na Kalobeyei. Hatujui Mungu amepanga nini. Huenda siku moja mtoto wa hapa ataulizwa mbali huko, "Kwenu hasa ni wapi?" naye atahitaji kueleza Kakuma kama tulivyoeleza Malakia leo. Basi wenzetu wa jamii nyingine, Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia na wote, daftari si la Malakia tu. Kila jamii iwe na lake.

Wahenga husema mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu ndio mali yetu.

 Daftari liko kwa katibu wa Kamati kuanzia kesho asubuhi.